Chanjo, Manjano na Ini: Habari za Kinga ya Homa ya Ini A katika Nchi ya Nkololo

Kitenzi kuchanja ni kikongwe kuliko sindano. Kuni huchanjwa kwa shoka. Mwili huchanjwa chale kwa wembe, dawa ikasuguliwa katika jeraha. Na zamani watu wawili waliotaka undugu bila ya kuzaliwa tumbo moja walichanjiana, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe, na tangu siku hiyo haikuwa halali mmoja kumsaliti mwingine. Kamusi sanifu ya mwaka 1939, ile iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson juu ya msingi wa kazi ya Madan, yaziweka maana za namna hii jirani na ile ya kuchanja ndui, kana kwamba hili la mwisho ni tawi jingine tu la mti ule ule. Na kwa hakika ndivyo lilivyo. Wadachi na baadaye Waingereza walipoleta dawa ya ndui itokanayo na ng'ombe hawakulazimika kuleta na neno lake, maana walilikuta.

Nkololo ni kata katika wilaya ya Bariadi, upande wa mashariki wa nchi ya Wasukuma. Mkoa wake, Simiyu, ni mchanga, kwani ulikatwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Lakini wenyeji na desturi zao ni wa zamani. Ni nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe, yenye mito ambayo hufurika wakati wa mvua na kubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na mwenye kutaka maji huuchimba mchanga huo hata ayaone. Mkoa huu wapakana na Hifadhi ya Serengeti kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili wafika hata Ziwa Victoria. Mipaka hiyo miwili ni ya kukumbukwa katika habari hii. Huko Serengeti huja wageni ambao, kabla ya kupanda ndege kwao, wamekwisha kupigwa sindano ya kuwakinga na homa ya ini A. Mtoto wa Nkololo hana sindano hiyo, wala haimo katika kadi yake ya kliniki. Je, huo ni upungufu au ni busara? Jibu si fupi kama swali, na sehemu yake imejificha katika majina ya maradhi.

Yafaa kwanza kuonyesha kwamba wazo la kukingwa kwa kuchanjwa si geni kwa Wasukuma. Miongoni mwao kuna chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, ambacho Hans Cory alikiandikia makala katika jarida la Africa mwaka 1946. Mwanachama wa Bayeye huchanjwa mwilini na kutiwa dawa, ili aumwapo na nyoka sumu isimuue. Mtu aweza kubishana juu ya nguvu ya dawa ile. Mantiki yake, hata hivyo, ndiyo mantiki ya chanjo: kidogo cha kitu kinachodhuru, kikiingizwa mwilini kwa utaratibu na mtu ajuaye, humwandaa mwenye mwili kwa siku ya hatari. Waandishi wengine wa kigeni wamezoea kusema kwamba watu wa bara waliiogopa chanjo kwa kuwa hawakuielewa. Kwa upande wa Usukuma neno hilo ni la kupimwa mara mbili. Yaelekea zaidi kwamba walipoogopa, waliogopa mkono uliokuwa umeshika kisu, si tendo la kuchanja.

Ndui ndiyo iliyoupa mkono huo heshima. Kampeni kubwa ya kuifuta katika Tanzania ilianza mwaka 1968, kwa sindano yenye ncha mbili iliyochovywa katika dawa na kuchomwa juu ya mkono mara kumi na tano kwa haraka. Mwaka 1970 ndui ikakoma nchini. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca katika Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Na mwezi wa Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba maradhi hayo hayapo tena. Katika vijiji vya Usukuma kama kwingineko, wazee wangali na kovu la duara mkononi, na kovu hilo nalo huitwa chanjo, kwa maana neno limetaja tendo, dawa na alama yake pamoja.

Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulipoanza mwaka 1975, neno likaanza kuachana na kisu. Matone ya kuzuia kupooza hudondoshwa mdomoni, wala hapana ngozi inayokatwa, na bado mama husema mtoto amechanjwa. Lugha haikuona haya kusema chanjo ya matone, ingawa kwa sikio la mtu wa mwaka 1900 maneno hayo yangekuwa kama kusema kuni za maji. Hivi ndivyo neno lenye afya linavyokua.

Majina ya maradhi yenyewe hayakukua kwa usalama kama huo. Mgonjwa wa ini hugeuka macho na ngozi, na rangi yake huitwa manjano kwa sababu ya mzizi wa manjano unaotiwa katika mchuzi. Rangi hiyo imeleta msukosuko katika Kiswahili. Liko neno safura, lenye asili katika Kiarabu, ambako shina lake lahusu rangi ya manjano na nyongo. Lakini katika kinywa cha Mswahili limehama kabisa, likawa ni maradhi ya mtu aliyepauka na kukosa damu kwa sababu ya minyoo. Nafasi ya rangi iliyoachwa na safura ikachukuliwa na homa ya manjano, maneno yaliyotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya kwa ajili ya maradhi mengine kabisa, yaletwayo na mbu. Na ule ugonjwa unaomgeuza mtu wa Nkololo macho kwa kweli, ukaitwa homa ya ini. Kwa hiyo mtu mwenye macho ya manjano mara nyingi hana homa ya manjano. Mambo yangekuwa mepesi kama madaktari wangesikiliza kwanza wenyeji walivyosema, kama ilivyotokea kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, ambapo Wamakonde walitoa neno chikungunya kwa ugonjwa unaompinda mgonjwa, na neno hilo likapokewa na dunia nzima. Homa ya ini haikupata bahati hiyo.

Wala si Waswahili peke yao waliochanganyikiwa na rangi hii. Wataalamu wenyewe walichanganyikiwa, tena kwa gharama ya maisha. Mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe, Uganda, kwa msaada wa Rockefeller Foundation. Ndiyo iliyogeuka baadaye kuwa taasisi ya utafiti wa virusi ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Max Theiler na wenziwe walitangaza chanjo ya homa ya manjano iitwayo 17D, ambayo ilimpatia Theiler tuzo ya Nobel mwaka 1951. Vita vilipokuja, askari wa Marekani walichanjwa kwa wingi. Lakini dawa ile ilikuwa imechanganywa na maji ya damu ya watu ili isiharibike, na baadhi ya damu ile ilikuwa na ugonjwa. Mwaka 1942 askari wapatao 50,000 wakageuka manjano, si kwa homa ya manjano bali kwa homa ya ini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulithibitisha kwamba ilikuwa ile tuiitayo leo homa ya ini B. Chanjo ya manjano moja ilikuwa imeleta manjano nyingine.

Mwingereza F. O. MacCallum, ambaye tangu kabla ya vita alikuwa akifuatilia manjano zilizowapata watu baada ya kuchanjwa, ndiye aliyependekeza mwaka 1947 kwamba aina mbili zitenganishwe kwa herufi: A kwa ile inayoenea kwa kula na kunywa, B kwa ile ipitayo katika damu. Herufi si jina zuri. Halina picha wala halina sauti, na mtu wa kijijini halikumbuki. Lakini mambo yote yaliyofuata yamesimama juu yake.

Uchunguzi uliotenganisha aina hizo kwa uhakika una doa. Saul Krugman aliufanya katika shule ya Willowbrook, New York, iliyotunza watoto wenye upungufu wa akili, akiwaambukiza baadhi yao kwa makusudi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1967 yaliipa elimu hatua kubwa, na hata leo hutajwa kila panapojadiliwa mpaka wa haki ya mtafiti. Mwaka 1973 Stephen Feinstone na wenziwe wawili, Kapikian na Purcell, walikiona kirusi cha A kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1979 Provost na Hilleman walifaulu kukiotesha katika chembe hai nje ya mwili. Kutoka hapo njia ya chanjo ikawa wazi: kirusi huoteshwa, huuawa kwa formalini, na kupigwa kwa sindano mara mbili, ya pili miezi sita au zaidi baada ya ile ya kwanza. Majaribio mawili yakathibitisha kazi yake, moja kwa watoto wapatao elfu moja karibu na New York, lililotangazwa mwaka 1992, na jingine kubwa zaidi kwa watoto wapatao 40,000 katika jimbo la Kamphaeng Phet, Thailand, lililotangazwa mwaka 1994. Chanjo ya kwanza, Havrix, ilikuwa imekwisha kuruhusiwa katika nchi chache za Ulaya tangu mwaka 1991.

Sasa ni wakati wa kurudi Nkololo, maana hapa ndipo lilipo fumbo lenyewe. Kirusi cha A hutoka katika kinyesi cha mtu na kuingia kinywani mwa mwingine, kwa maji, kwa chakula, au kwa mkono usiooshwa. Hukaa mwilini karibu mwezi mmoja kabla ya kujionyesha. Lakini hakijionyeshi kwa wote sawasawa. Mtoto wa chini ya miaka sita akikipata, mara nyingi haonekani kuumwa, au huwa na homa ndogo ambayo mama huidhania malaria au meno; mtu mzima akikipata, zaidi ya nusu ya mara hugeuka manjano, hulala wiki nyingi, na wachache, hasa wenye umri mkubwa au wenye ini bovu tangu mwanzo, hufa. Aliyeupata mara moja haupati tena. Wala A haibaki mwilini kula ini polepole kama B.

Katika nchi ambayo maji huchimbwa mchangani au kuchotwa katika lambo ambamo na ng'ombe hunywa, na vyoo ni vichache, mtoto hukutana na kirusi hicho mapema mno. Huambukizwa akiwa mgongoni mwa mama au akianza kutambaa, hupona bila ya mtu kujua kwamba alikuwa mgonjwa, na hukua akiwa na kinga ya maisha. Maji yenyewe yamemchanja. Hii ni kauli kali, na haisemwi kwa kuyasifu maji machafu, kwa kuwa maji hayo hayo huleta kipindupindu na kuhara kunakoua watoto. Lakini ndiyo sababu ya kweli ya sindano kutokuwamo katika kadi. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2012 na tena ya mwaka 2022, halikushauri kuchanjwa kwa watoto wote katika nchi ambazo karibu kila mtu huambukizwa utotoni. Lilisisitiza chanjo kwa nchi ambazo maambukizi yamekwisha kuanza kuchelewa.

Mgeni wa Serengeti naye ana historia yake. Kabla ya mwaka 1991 hakuwa na chanjo ya kweli. Tangu utafiti wa Stokes na Neefe wa mwaka 1945, mzungu aliyekwenda nchi za joto, awe mmisionari, mhandisi au kijana wa Peace Corps kama wale waliofika Tanganyika mwaka 1961, alikingwa kwa kupigwa gamaglobulini, yaani kinga iliyochujwa kutoka katika damu ya watu wengine. Ilikuwa kinga ya kukopa. Baada ya miezi michache iliisha, naye akapigwa tena. Mwenyeji wa kijijini aliyemkaribisha chakula alikuwa na kinga yake mwenyewe, isiyokwisha, na pengine yeye mwenyewe hakujua kwamba anayo.

Hata hivyo hali hiyo haikusimama. Mwaka 1971 chama cha TANU kilikata shauri kwamba katika miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na kwake, mita 400 zisipitwe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi kuzunguka redio na kitabu, wakajifunza habari za malaria, safura, kichocho na kuhara, na kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka uliofuata watu wa Usukuma, waliozoea kujenga kila mtu mbali na jirani yake, wakahamishiwa katika vijiji. Katika kampeni ile homa ya ini haikuwa na sura yake yenyewe, lakini kila choo kilichochimbwa kiliipunguzia njia. Ahadi ya maji haikutimia kwa wakati uliowekwa, kama ijulikanavyo. Pampu ziliharibika na mafuta yakawa haba. Laiti ingetimia, Simiyu ingekwisha kulijibu miaka mingi nyuma swali ambalo sasa ndiyo kwanza linaanza kuikabili.

Maana mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa wa Simiyu, Serikali ya Ujerumani ikisaidia kwa njia ya benki yake ya maendeleo. Hakuna mtu mwenye akili atakayeona huzuni kwa maji safi. Lakini historia ya nchi nyingine yaonyesha kwamba homa ya ini A hailipi deni lake siku ile ile. Maji yakiwa safi, mtoto hakutani na kirusi. Hukua bila ya kinga. Na kirusi chenyewe hakijaondoka nchini, kingali katika mitaa ambayo bomba halijafika, katika chakula cha mnadani, katika safari. Mtu akikutana nacho akiwa na miaka ishirini na tano, huumwa kwa kweli. Ndivyo ilivyotokea Shanghai mapema mwaka 1988, ambapo watu wapatao 300,000 waliugua kwa kula kombe wa baharini wasioiva, na wengi wao walikuwa vijana, kizazi kilichokulia katika usafi kuliko wazazi wao. Wazazi walikula kombe wale wale, na wengi hawakudhurika. Israel ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 1999, Argentina mwaka 2005, nchi zote mbili zikiwa katika daraja hilo la kati. Ugonjwa unaopungua kwa hesabu unaweza kuongezeka kwa uzito, na hili ni jambo gumu kumweleza mtu aliyekwisha kuchimba choo kwa mikono yake.

Kwa hiyo busara ya leo ina mwisho wake, na mwisho huo hautatangazwa kwa tarumbeta. Utaonekana siku ambayo wagonjwa wa macho ya manjano wanaofika zahanati hawatakuwa watoto wachache bali vijana wenye nguvu za kulima. Ili siku hiyo ijulikane, ni lazima mtu aweze kutaja ugonjwa kwa jina lake, na hapa lugha yarudi mlangoni. Tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa homa ya ini B, sindano ambayo kufikia mwaka 2009 ilikuwa imeunganishwa na nyingine nne, ndani yake dondakoo, kifaduro na pepopunda. Kliniki huitaja kwa kifupi: chanjo ya homa ya ini. Mama wa Nkololo aliyeambiwa hivyo ameambiwa kweli, ila herufi imeachwa njiani. Mwanawe akija akageuka macho ya manjano akiwa kijana, mama atasema, na kwa haki, kwamba huyu alichanjwa. Na mganga wa zahanati asiyeuliza zaidi aweza kuandika homa ya manjano katika daftari, kwa sababu ya rangi aliyoiona.

Kiswahili kilipata kutofautisha kati ya ndui na tetekuwanga, maradhi ambayo kwa macho ya haraka yafanana, na hakikuhitaji herufi. Kilitumia majina mawili yenye sauti mbili, na kila bibi alijua ni lipi la kuogopa. Homa ya ini A na homa ya ini B zina njia mbili, umri mbili na chanjo mbili, na jina moja. Katika mafundisho ya kliniki baadhi ya wauguzi wameanza kuongeza maneno, wakisema ile ya maji na ile ya damu. Maneno hayo hayamo katika kamusi, lakini yanaeleweka Nkololo bila ya mtu kufafanuliwa, na pale MacCallum alipoweka herufi, hayo yameweka njia yenyewe ambayo ugonjwa hupita.